Tyubulaiti kwa mimea ya tangi la samaki: soma namba kabla ya kulipa

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo ukaomba tyubulaiti ya futi nne, muuzaji anakuuliza swali moja: "Nyeupe au ya njano, kaka?" Anayetaka kuwasha ukumbi, swali hilo linamtosha. Mwenye tangi la kioo lenye mimea hai halijamsaidia bado. Tyubu mbili zinaweza kuwa za urefu mmoja, za wati sawa, zote nyeupe machoni, na bado moja ikaizidi mwenzake mwanga kwa karibu asilimia 30. Tofauti hiyo imeandikwa kwenye kioo chenyewe, karibu na kofia ya chuma, kwa maandishi madogo ambayo wengi wetu hatuyasomi.

Mimi niliyasoma kwa kuchelewa. Mimea ya tangi langu la kwanza ilidhoofika ikafa, nikapanda mingine, nayo ikaenda njia hiyo hiyo. Nililaumu maji ya kisima, nikalaumu mchanga, nikabadilisha mbolea. Taa sikuigusa, kwa sababu ilikuwa inawaka na chumba kilikuwa cheupe. Naandika haya ili wewe usipoteze miezi ile niliyoipoteza mimi. Mwongozo ni wa matangi ya maji baridi, yasiyo na chumvi, na ni wa tyubu za fluoresenti: zile ndefu zenye choki (koili nzito ya chuma inayodhibiti umeme wa tyubu) na stata (kikopo kidogo kinachoiwasha), pamoja na zile nyembamba za kisasa.

Hatua ya 1: Amua mimea kwanza

Wengi hununua taa, kisha hutafuta cha kupanda. Geuza mpangilio huo. Mwanga ndio unaoamuru kasi ya kila kitu ndani ya tangi: ukiuongeza, mmea unadai hewa ya ukaa zaidi, naitrojeni zaidi, potasiamu na chuma zaidi. Visipopatikana, mmea unasimama, na mwani unajitwalia nafasi, kwa kuwa wenyewe unaishi kwa vichache. Ndiyo maana tangi lenye taa kali na mimea michache huwa zulia la nyuzi za kijani ndani ya wiki tatu.

Mimea inayovumilia mwanga mdogo ni mingi kuliko watu wanavyodhani, na baadhi ni ya bara letu. Anubias asili yake ni mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, hadi Kongo. Huko hukaa kwenye vivuli vya msitu, imeng'ang'ania mawe na magogo. Bolbitis heudelotii, kangaga la majini lenye majani ya kijani kilichokolea, nalo ni la Afrika. Ongeza kangaga la Java, mosi (moss) ya Java na jamii nyingi za Cryptocoryne kutoka Asia, na tayari una bustani nzima isiyodai taa kali. Ukiiwekea Anubias mwanga mwingi unaitesa: jani lake linakua polepole mno, kwa hiyo mwani unapata muda wa kutosha kuota juu yake.

Kundi la wastani lina Vallisneria, ile yenye majani kama utepe, ambayo mpiga mbizi wa Ziwa Tanganyika anaijua kama nyasi za chini ya maji. Lina Ceratophyllum isiyo na mizizi, ambayo imo kwenye ghuba za Ziwa Victoria. Lina Echinodorus ya Amerika Kusini na aina nyingi za Hygrophila.

Kundi la tatu ni mimea mifupi inayotandaza zulia chini, pamoja na ile yenye rangi nyekundu kali, kama Rotala na Ammannia. Hii inataka mwanga mwingi, na inataka pia mtungi wa hewa ya ukaa. Kama mtungi huo huna na hufikirii kuununua, liache kundi hili. Nasema hivyo kwa nia njema kabisa: makundi mawili ya kwanza yanatosha kukupa tangi ambalo mgeni atasimama kulitazama kwa dakika nyingi.

Hatua ya 2: Pima tangi, piga hesabu

Huku kwetu matangi mengi hutengenezwa na fundi kioo, na huhesabiwa kwa futi. Chukua futi kamba, upime kwa sentimita: urefu mara upana mara kimo, kisha gawa kwa 1,000. Hizo ni lita za tangi tupu. Toa karibu asilimia 15 kwa ajili ya mchanga, mawe na nafasi ya juu isiyojaa.

Mfano wangu ni tangi la futi nne: 120 × 40 × 45. Unapata lita 216, na maji halisi ni kama lita 180.

Wazee wa kazi hii walihesabu wati kwa lita. Kanuni hiyo ilizaliwa enzi za tyubu nene za zamani, ambapo wati moja ilimaanisha mwanga uleule kwa kila mtu. Leo haiaminiki, maana tyubu mbili za wati 36 zinaweza kupishana sana. Hesabu kwa lumeni, kipimo cha mwanga kinachoandikwa kwenye boksi au kwenye karatasi ya mtengenezaji:

Lumeni 10 hadi 20 kwa lita: mimea mivumilivu.
Lumeni 20 hadi 40 kwa lita: kundi la wastani.
Zaidi ya 40: mimea inayodai, na hewa ya ukaa ni lazima.

Hivi ni viwango vya mazoea ya wafugaji wa samaki, havina ukali wa sheria, lakini vimenisaidia kwa matangi ya kimo cha kati ya sentimita 30 na 50. Tangi refu kwenda chini linahitaji zaidi, kwa kuwa kadiri unavyoshuka mbali na tyubu ndivyo mwanga unavyotawanyika. Kati ya matangi mawili yenye lita sawa, lenye kimo kifupi na eneo pana ni rahisi zaidi kwa mimea. Kama bado hujaagiza tangi, mwambie fundi asizidishe kimo cha sentimita 45.

Hatua ya 3: Unene na urefu wa tyubu

Herufi T na namba inayofuata ni unene, ukihesabiwa kwa sehemu ya nane ya inchi. T12 ni nene, milimita 38, ile ya zamani ya wati 40. T8 ni inchi moja, milimita 26, ndiyo iliyojaa madukani. T5 ni nyembamba, milimita 16.

Urefu na wati vinakwenda pamoja. T8 ya futi mbili ni wati 18, ya futi tatu ni wati 30, ya futi nne ni wati 36. Ile ya futi tatu ndiyo ya kuhangaikia, kwa hiyo mwenye tangi la futi tatu aangalie upatikanaji kabla ya kujenga mfuniko. T5 zenye nguvu kubwa zina wati 24 kwa sentimita 55, wati 39 kwa sentimita 85, na wati 54 kwa sentimita 115. Zipo T5 nyingine za urefu huohuo zenye wati 14, 21 na 28. Hizo hazikai kwenye balasti moja (kifaa kinachoipa tyubu umeme wake) na zile za nguvu kubwa hata kama pini zinaingia, basi linganisha wati za tyubu na wati za balasti.

Kuna mtego hapa unaowakamata mafundi wenyewe. T8 ya wati 36, ukihesabu na pini zake, ina sentimita 121 na kitu. Tangi la futi nne ni karibu sentimita 122 nje kwa nje. Ukijenga mfuniko unaokaa ndani ya kioo, tyubu na holda zake haviingii. Ama mfuniko ukae juu ya kingo za kioo, ama utumie T5 ya sentimita 115, ambayo inaingia na nafasi inabaki.

Jambo lingine linalotuhusu sana watu wa pwani ni joto. Tyubu ya fluoresenti ina zebaki kidogo ndani, na mgandamizo wa mvuke wa zebaki hufuata joto la ukuta wa kioo. T8 imeundwa itoe mwanga wake wote hewa inayoizunguka ikiwa na nyuzi joto 25. T5 imeundwa kwa nyuzi 35. Sasa fikiria mfuniko uliofungwa, Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa Februari. Hewa ya chumba peke yake imeshafika 32, na ndani ya mfuniko ni zaidi. T8 hapo inapoteza sehemu ya mwanga wake huku mita ya umeme ikisoma vilevile, ilhali T5 ndiyo kwanza iko nyumbani. Mtu wa Iringa, Limuru au Bukavu hana shida hiyo. Ukiwa pwani na T8, toboa matundu ya hewa kwenye mfuniko, ncha zote mbili na juu, na choki uiweke nje. Choki ya chuma ni tanuri dogo, na ikiwa ndani inapasha tyubu na maji kwa pamoja.

Hatua ya 4: Soma namba tatu

Hapa ndipo penye moyo wa kazi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Shika tyubu, izungushe hadi uone maandishi. Utaona kitu kama 36W/865, au 36W/54-765, au 36W/840. Wati umeshazielewa. Namba tatu za mwisho zinasomwa hivi: ya kwanza inaeleza tyubu inavyoonyesha rangi za vitu. 8 ni kiwango cha 80 kati ya 100 au juu kidogo, 7 ni cha 70. Mbili zinazofuata ni rangi ya mwanga wenyewe, ukiongeza sufuri mbili: 65 ni kelvini 6500, weupe wa mchana wenye ubluu kidogo. 40 ni kelvini 4000, weupe wa kawaida. 30 ni kelvini 3000, umanjano wa jioni.

Kwa hiyo 865 na 765 zina weupe unaofanana, na muuzaji wa "nyeupe au ya njano" atakupa yoyote kati ya hizo. Ndani hazifanani. 765 imepakwa unga wa aina ya zamani, halofosfeti. 865 imepakwa mchanganyiko wa unga wa aina tatu: mmoja unatoa bluu karibu na nanometa 450 (nanometa ni kipimo cha wimbi la mwanga, ndicho kinachotaja rangi yake), mmoja kijani karibu na 545, mmoja nyekundu karibu na 611. Matokeo yake ni haya: tyubu ya wati 36 ya 54-765 inatoa kama lumeni 2,500, na ya 865 inatoa kama 3,250. Kwa futi mbili, wati 18, ni kama 1,050 dhidi ya 1,300. Umeme unaolipa ni uleule.

Tofauti ya pili haionekani siku ya kwanza. Unga wa zamani unachakaa mapema, na tyubu inaendelea kuwaka ikiwa imeshafifia. Unga wa aina tatu hubaki na karibu asilimia 90 ya mwanga wake kwa muda mrefu wa maisha yake. Tyubu yangu ile iliyonidanganya ilikuwa ya 54-765, na nilikuwa nimeinunua imeshatumika.

Sasa, je, mmea unataka rangi gani? Umbijani, ule ukijani wa jani unaonasa mwanga, hufyonza zaidi bluu, kati ya nanometa 430 na 455, na nyekundu, kati ya 640 na 665. Kutokana na hilo watu wakahitimisha kwamba kijani ni takataka kwa mmea, na miaka ya 1960 zikaja tyubu za waridi, maarufu zaidi Gro-Lux ya Sylvania, zenye bluu na nyekundu tupu. Ni tyubu nzuri na zinafanya kazi. Lakini mwaka 1972 mtafiti K. J. McCree alichapisha vipimo vya usanisinuru vya aina 22 za mazao, na ikaonekana kwamba jani zima hutumia mwanga wa karibu rangi zote kuanzia 400 hadi 700, kijani kikiwamo, ingawa nyekundu ndiyo inayotumika vizuri zaidi. Mmea haufi kwa kukosa rangi fulani ya waridi. Mara nyingi unakufa kwa kukosa mwanga wa kutosha, wa rangi yoyote.

Ndiyo maana pendekezo langu ni la moja kwa moja: nunua 865 ya kawaida ya mtengenezaji anayejulikana, kwenye duka la umeme. Tyubu zenye picha ya samaki kwenye boksi mara nyingi ni za bei ya juu mara kadhaa, na unacholipia zaidi ni jinsi samaki wanavyong'aa. Kama unapenda wekundu wa samaki na majani uonekane, na mfuniko wako una nafasi ya tyubu mbili, weka 865 mbele na ya waridi au 830 nyuma yake. Mchanganyiko huo unapendeza macho, na mimea inaukubali. Usilinganishe tyubu ya waridi na nyeupe kwa lumeni, kwani lumeni hupima jicho la binadamu, na jicho letu huona kijani zaidi ya rangi nyingine. Ya waridi itaonekana hafifu kuliko ilivyo kwa mmea.

Tyubu za kuziacha ni hizi. Za bluu tupu, au za kelvini 10,000 kwenda juu, ni za matumbawe ya maji ya chumvi. Za kuvutia wadudu hazifai. Na kuna moja ya hatari: tyubu yenye kioo kitupu kinachoonyesha hadi ndani, haina unga mweupe. Hiyo ni taa ya kuua vijidudu kwa miale ya urujuanimno, hutumika hospitalini na kwenye mitambo ya maji, na baadhi zinaingia kwenye holda ileile ya T8. Inaunguza macho na ngozi, na inaua mimea. Ukiiona, iache dukani.

Turudi kwenye tangi la lita 180. Tyubu moja ya 36W/865 inatoa lumeni 18 kwa lita: Anubias, makangaga, mosi, Cryptocoryne, basi. Mbili zinafika 36: Vallisneria, Hygrophila na Echinodorus zitafurahi. T5 moja ya wati 54, yenye lumeni kama 4,450, inatoa 25 kwa lita, na kati ya tyubu hizi nadhani huo ndio ununuzi wenye busara zaidi kwa tangi hili katika hali ya joto la pwani. T5 mbili ni karibu 49, hapo uwe na mtungi wa hewa ya ukaa au mkasi na uvumilivu mwingi.

Kwa tangi la futi mbili la lita 50 halisi, tyubu moja ya 18W/865 inatosha kundi la wastani la upande wa chini. Balbu fupi za kuokoa umeme, zile zilizokunjwa kama chemchemi, nazo ni fluoresenti na zinafaa tangi dogo. Ila chagua ya kelvini 6500, uilaze ubavu chini ya bati la kurudisha mwanga (Hatua ya 6), kwani sehemu ya mwanga wake hunaswa na mikunjo yake yenyewe.

Hatua ya 5: Choki au balasti ya kielektroniki

Kifaa cha zamani kina choki ya chuma na stata. Ni kigumu na kila fundi anakijua. Kasoro yake ni kwamba umeme ukishuka tyubu inapepesa bila kuwaka, na kila jaribio linakula ncha zake, mpaka zinakuwa nyeusi. Balasti ya kielektroniki huendesha tyubu kwa zaidi ya kilohezi 20, haipepesi, haipati moto sana, na hutumia umeme pungufu. T5 zote za nguvu kubwa zinaidai. Ukinunua, hakikisha imeandikwa wati na idadi ya tyubu unazofunga, na uiweke mahali pasipofikiwa na mvuke wa maji.

Ukibaki na stata, ya S10 ni ya tyubu moja kwenye volti 230. S2 ni ya tyubu mbili za wati 18 zilizofungwa mfululizo kwenye choki moja. Kuzichanganya ndiyo sababu ya "taa mbovu" nyingi ambazo wala si mbovu.

Neno moja kuhusu tyubu za LED zenye umbo la T8, maana siku hizi ukiomba T8 unaweza kupewa hiyo bila kuambiwa. Si mbaya kwa mimea ikiwa ni ya kelvini 6500 na ina lumeni za kutosha, lakini nyaya zake hufungwa tofauti. Nyingine hupokea umeme upande mmoja tu, nyingine hutaka stata yake ya bandia. Usiichomeke kwenye kifaa cha zamani kabla ya kuona mchoro wake.

Hatua ya 6: Bati la kurudisha mwanga

Tyubu inamwaga mwanga pande zote. Zaidi ya nusu inaelekea juu na pembeni, ambako hakuna mmea. Bati la alumini linalong'aa, lililokunjwa kama mfereji juu ya kila tyubu, linarudisha sehemu kubwa ya mwanga huo chini. Hakuna pesa utakayotumia vizuri zaidi ya hii katika kazi yote. Fundi wa mabati anakukunjia kwa dakika chache. Mwambie akunje kama herufi M pana, tyubu ikae chini ya ncha ya katikati, ili mwanga usirudi kwenye tyubu yenyewe. Kama bati hupati, paka ndani ya mfuniko rangi nyeupe isiyong'aa. Rangi nyeupe inaishinda karatasi ya alumini ya jikoni, ambayo hukunjamana na kutawanya mwanga hovyo.

Kisha kuna kioo cha kufunika. Maji mengi ya visima vya Dar yana chokaa na chumvi, na matone yakikauka huacha ukungu mweupe. Ufute kila wiki kwa kitambaa chenye siki kidogo, nje ya tangi. Nimewahi kuona tangi likinawiri upya kwa kufutwa kioo tu. Angalia pia mimea inayoelea, maana inaweza kuziba uso wote wa maji ndani ya wiki mbili. Ukiipunguza, ikaushe juani kabisa kisha uifukie, usiimwage mtoni wala ziwani. Salvinia molesta, mmea mzuri wa matangi, ulilivamia Ziwa Naivasha na Ziwa Kariba, na kila anayeishi kando ya Ziwa Victoria anajua magugu maji yamewafanyia nini wavuvi.

Hatua ya 7: Kufunga kwa usalama

Maji na volti 230 havipatani. Waya wa ardhi uunganishwe kwenye bati na kwenye sehemu zote za chuma. Holda ziwe zile zenye raba ya kuzuia maji. Waya wa taa uache uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni. Kama nyumba haina swichi ya kukata umeme unapovuja ardhini, mwombe fundi umeme aifunge kwa ajili ya laini ya tangi. Na kabla ya kutia mkono majini, chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Hatua ya 8: Saa za kuwasha

Saa nane kwa siku. Tangi jipya lianze na sita kwa mwezi wa kwanza, maana mizizi bado haijashika. Nunua taima ya kuzungusha, ile ya kuchomeka ukutani, na uirekebishe umeme unaporudi baada ya kukatika. Mmea unapenda siku zinazofanana kuliko siku ndefu. Umeme ukikatika siku nzima, usifidie kwa kuwasha usiku kucha: mimea inavumilia giza la siku moja au mbili bila shida, na wa kuhurumiwa hapo ni samaki, ambao wanahitaji hewa. Usitegemee dirisha kuongeza mwanga. Jua la pwani likigusa kioo kwa saa mbili, mwani utakuonyesha mahali hasa lilipogusa.

Hatua ya 9: Sikiliza majani

Subiri wiki nne kabla ya kuhukumu taa mpya. Kisha angalia. Shina likirefuka na majani kuachana mbalimbali, huku ya chini yakipukutika, mwanga haufiki chini. Mmea mwekundu ukigeuka kijani, vilevile. Nyuzi za kijani na madoa magumu ya kijani kwenye kioo ni dalili ya mwanga kuzidi chakula kilichopo: punguza saa mbili kabla ya kufikiria dawa. Utando wa kahawia kwenye tangi jipya usikutishe, kwa kawaida huondoka wenyewe baada ya wiki kadhaa. Majani yakiwa na matundu au yale ya zamani yakiwa manjano, taa haina kosa. Hapo tafuta potasiamu na naitrojeni.

Hatua ya 10: Kubadilisha, kutupa, na akiba

Andika tarehe kwa kalamu ya rangi isiyofutika kwenye kofia ya tyubu siku unapoifunga. Kwa saa nane kwa siku, mwaka ni saa 2,920. Tyubu ya 865 ya mtengenezaji mzuri unaweza kukaa nayo miaka miwili hadi mitatu, ya 765 ibadilishe kila mwaka hata kama inawaka. Ukiwa na mbili, usibadilishe zote siku moja: acha wiki tatu katikati, ili mwanga usipande ghafla ukaamsha mwani.

Ikivunjika, toa watoto chumbani, fungua madirisha, ondoka kwa robo saa. Kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na glavu, vifunge ndani ya chupa au mfuko mzito. Usifagie kwa ufagio wala kutumia mashine ya kuvuta vumbi, kwa kuwa unatawanya zebaki. Ikivunjikia juu ya tangi lililo wazi, toa vipande, badilisha maji kwa wingi, na weka mkaa mpya kwenye chujio.

Zebaki hiyohiyo ndiyo inayozifikisha tyubu hizi mwisho wake. Umoja wa Ulaya ulizuia T5 na T8 mpya kuingizwa sokoni kwake Agosti 2023. Novemba mwaka huohuo, mjini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu za halofosfeti ikome mwisho wa 2026, na za unga wa aina tatu mwisho wa 2027. Nchi za Afrika zilikuwa miongoni mwa zilizosukuma sana hatua hiyo, na naiunga mkono. Kwa mfugaji maana yake ni hii: kama tayari una kifaa kizima cha T8 au T5, hakuna sababu ya kukitupa. Nunua tyubu mbili za akiba za 865 sasa, zihifadhi zimelala ndani ya maboksi yake mahali pakavu, juu ya kabati ambako watoto hawafiki. Kama unaanza kutoka sifuri, usinunue kifaa kipya cha fluoresenti: chukua cha LED cha kelvini 6500, na piga hesabu ileile ya lumeni kwa lita, ukianzia upande wa chini wa kiwango, kwa sababu mwanga wa LED karibu wote unaelekea chini.